Kokoto Zetu Katika Kabichi za Jirani

Mvua ya kwanza ya masika iliteremka usiku wa manane, na adhana ya alfajiri ilipolia ilikuwa imekwisha kukatika. Tulitoka kwenda msikitini na tochi mkononi, tukiitafuta kwa miguu ile njia yetu mpya, tuliyoipamba kwa vijiwe vyeupe vya mviringo tangu langoni hadi barazani. Lakini njia haikuwapo. Palibaki udongo mwekundu uliochimbika katikati mithili ya mfereji, na kipande cha nailoni kikipepea ukingoni. Vijiwe vyenyewe tulivikuta kulipopambazuka, vimelala chini ya mteremko, juu ya matuta ya kabichi ya jirani yetu.

Jirani huyo ni mama aliye rika la mama zetu. Tulimwamkia shikamoo tukiwa hatujui tuanzie wapi. Alikuwa ameinama na ndoo, akiokota kimoja kimoja baina ya majani. Akaitikia marahaba, akatuuliza hali za watoto, kisha kwa sauti ile ile ya upole akatuuliza kama vijiwe vyetu tungependa turudishiwe vikiwa vimeoshwa au pamoja na udongo wa shamba lake. Hakuna ugomvi ambao ungetuingia moyoni kuliko swali hilo. Tuliokota naye mpaka adhuhuri, na kabichi zilizovunjika tulizilipia, ingawa alikataa mara mbili kabla ya kupokea.

Tumeanza na aibu yetu wenyewe kwa kuwa tunaona nyumba nyingi zikiielekea njia hiyo hiyo. Katika Lushoto yetu, kuanzia Soni hadi Magamba na kuvuka hadi Mlalo, familia zinajenga. Na wale walioko Tanga na Dar es Salaam wanaokumbuka kwao nao wanajenga. Nyumba ikiisha kupauliwa na kupakwa rangi, jicho huhamia uani. Simu zimejaa picha za nyua zilizotandazwa kokoto nyeupe, zenye mstari wa mawe meusi na mti mmoja katikati. Picha zile ni nzuri, lakini nyingi zimepigwa mahali tambarare, penye udongo wa kichanga na mvua haba. Sisi tunaishi mlimani. Jiwe lililopambwa hapa lina kazi ya kufanya kabla ya kupendeza, na lisipopewa kazi hiyo litajitafutia nyingine huko chini kwa jirani.

Tusidhani kwamba kutandaza changarawe ni anasa iliyokuja na simu. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba changarawe katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina iliingia kwa sababu ya mvua: usiku mmoja ardhi iliroa, mtu akawa anabeba changarawe katika nguo yake na kuitandaza chini yake, na Mtume (s.a.w.) alipomaliza sala akakisifu kitendo hicho. Jambo hili tunalipenda kwa kuwa linaonesha changarawe ni ya nini hasa: ni ya kumwinua mtu juu ya tope. Uzuri wake ni nyongeza.

Mawe yaliyo chini ya miguu yetu

Kabla ya kuagiza jiwe kutoka mbali, inafaa tulijue lile tulilozaliwa juu yake. Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na miamba yake ni ya kale mno. Haikumwagwa na volkano kama ile ya Kilimanjaro na Meru. Ilipikwa kwa joto na mgandamizo katika kina cha ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Wataalamu wa miamba huliita jiwe hilo naisi. Msomaji atalitambua kwa milia yake: mstari wa kijivu kilichokoza, mstari wa rangi ya maziwa, kisha kijivu tena, kama kitambaa kilichofumwa. Ukilipasua juani utaona vimeta vya ulanga, na mara nyingine madoa mekundu ya garneti madogo kama punje za mtama. Anayesimama Irente akitazama tambarare ya Mazinde huko chini amesimama juu ya miamba hiyo. Na upande wa kaskazini, katika bonde la mto Umba, ndiko yanakotoka yakuti na garneti ambazo wafanyabiashara wa vito duniani huziita kwa jina la mto wenyewe.

Hilo ndilo jiwe letu, na kwa maoni yetu ndilo linaloufaa ua wa Lushoto kuliko yote. Ni gumu, halilainiki kwa mvua, na rangi yake ya kijivu haigombani na udongo mwekundu. Tope likilirukia, mvua inayofuata hulisafisha. Kuvu ya kijani ikiliota upande wa kivuli, huonekana kana kwamba imepangwa iwepo.

Jiwe jeupe halina subira hiyo. Katika baridi na ukungu wa mwezi wa saba, kokoto nyeupe zilizo kivulini huanza kuwa na ukijani. Na kila tone la mvua linalopiga udongo mwekundu ulio kando hurusha chembe zake juu yake. Tulikuwa tukiviosha vijiwe vyetu kwa brashi, tukachoka. Anayetaka weupe kwa dhati auweke mahali penye jua, penye kingo za kuutenga na udongo, na auweke kidogo.

Kisha kuna jambo la chokaa. Vijiwe vyeupe vingi vinavyouzwa ni vya marumaru au vya jiwe la chokaa, la jamii ile ya miamba yenye mapango ya Amboni karibu na Tanga. Jiwe hilo huyeyuka polepole katika maji ya mvua na kupunguza uchachu wa udongo. Udongo wa milima yetu kwa kawaida una uchachu, na ndiyo maana chai inastawi Bumbuli. Ukizungushia jiwe la chokaa mmea unaopenda uchachu, majani yake yataanza kuwa manjano na utalaumu mbolea. Lile ua la mashada makubwa linalochanua buluu katika udongo wenye uchachu, hidranja, huelekea rangi ya waridi chokaa inapozidi. Wako wanaolifurahia badiliko hilo, lakini ni vema lisimjie mtu kwa mshangao. Kipimo chake ni chepesi: kamua ndimu juu ya jiwe lililooshwa. Likitoa povu, lina chokaa. Kwatsi, ambalo nalo ni jeupe, halitoi povu, tena ni gumu kiasi cha kukwaruza kioo.

Mawe meusi yenye matundu yanayoletwa kutoka upande wa Moshi na Arusha ni mepesi na yanapendeza. Hatuna la kuyalaumu isipokuwa safari yake. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za kona, na mzigo hupandishwa takriban mita 1,000. Bei ya jiwe la mbali, mara nyingi, ni bei ya lori na mafuta yake. Sisi tulipojumlisha tuligundua kwamba tulikuwa tumenunua safari, na vijiwe vilikuwa kama zawadi iliyoambatanishwa.

Maji kwanza, rangi baadaye

Kosa letu halikuwa rangi peke yake. Tulikosea mara tatu. Vijiwe vilikuwa vya mviringo, na jiwe la mviringo halishikani na mwenzake; huviringika chini ya mguu kama punje za kunde sakafuni. Tulivitandaza juu ya mteremko bila kuukata. Na chini yake tuliweka nailoni ngumu isiyopitisha maji, tukidhani tunazuia magugu. Maji ya mvua yalipopenya baina ya vijiwe yalikutana na nailoni, yakakosa pa kuingia, yakateleza juu yake na kubeba kila kitu.

Fundi mzee wa mawe aliyetusaidia baadaye hakuanza kwa kutazama njia. Alitazama paa. Paa la mita za mraba 80, mvua ya milimita 50 inaposhuka, linakusanya lita 4,000 za maji, yaani ndoo 200 za lita 20. Maji hayo yote yalikuwa yakidondoka katika kona moja ya nyumba na kushika njia yetu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Hapo hapo tulielewa kwamba tungeweza kubadilisha vijiwe mara kumi na bado vingetua katika kabichi. Kazi ya kwanza ikawa kuweka mfereji wa bati ukingoni mwa paa na kuyapeleka maji katika pipa, na ziada yake katika mtaro uliojazwa mawe unaoishia kwenye mtaro wa barabara, si shambani kwa mtu.

Mtu anayetaka kujua kama uwanja wake unahimili kokoto achukue kamba, mambo mbili za mti na mpira wa maji wa fundi. Afunge kamba iwe sawa kwa urefu wa mita 10, kisha apime upande wa chini kamba iko juu ya ardhi kiasi gani. Ikiwa ni chini ya nusu mita, kokoto zitakaa zikipewa kingo. Ikifika mita moja, zitahama polepole hata zikiwa za pembe kali. Ikizidi hapo, mteremko ukatwe ngazi.

Tulikata ngazi. Kila ngazi ina jiwe refu la naisi mbele yake, lililozikwa theluthi moja ardhini na kuinuka kama sentimita 15, na nyuma yake kuna sakafu ya kokoto karibu tambarare, inayoinama kidogo sana kuelekea pembeni ili maji yasisimame wala yasikimbilie ngazi ya chini. Kokoto tulizotumia ni za kupondwa, za nusu inchi hadi robo tatu, zenye pembe. Hizo zikishindiliwa juu ya vumbi la kokoto hushikana kama meno. Mahali pa nailoni hatukuweka kitu isipokuwa udongo ulioshindiliwa vizuri, na sehemu moja yenye magugu sugu tuliweka viroba vilivyofumwa ambavyo maji hupita. Viroba hivyo visionekane na jua, kwani jua huvichanachana vikawa takataka za nyuzi katika bustani.

Wazee wa hapa hawakuhitaji kufundishwa kwamba mteremko hukatwa kabla ya kupambwa, ingawa historia ya somo hilo ina uchungu wake. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi kubwa isiyokuwa na tija ya karibu kwa mkulima, na watu waliipinga mpaka mpango ukaachwa. Katika miaka ya 1980 mradi wa SECAP ulikuja wilayani Lushoto kwa njia nyingine, ya miti na mistari ya majani ya guatemala katika kontua, na majani hayo bado yanaonekana katika kingo za mashamba mengi. Tunalitaja hili kwa sababu moja: ukingo wa kokoto uani kwako unaweza kuwa wa majani hayo hayo. Yanashika udongo kwa mizizi, yanakatwa yakawa chakula cha ng'ombe, na hayaombi saruji.

Saruji nayo tuiseme. Wako wanaoona kokoto ni usumbufu na kuumwagia ua wote zege. Ua wa zege ni safi, hatukatai, lakini kila ndoo ya mvua inayoangukia hapo inaondoka papo hapo kwenda kwa aliye chini. Mlimani kila nyumba ina aliye chini. Kokoto hulipunguzia maji kasi na kuliachia ardhi sehemu yake. Isipokuwa mahali pamoja, na hapa tunaomba msomaji atulie: nyuma ya ukuta unaozuia udongo, au juu kabisa ya genge lililokatwa ili nyumba ipate kiwanja, maji yasiachwe yazame. Udongo ulioloweka ni mzito, na katika misimu ya mvua kubwa tumeona magenge yakishuka barabarani na nyuma ya nyumba. Hapo maji yaelekezwe pembeni kwa mtaro kabla hayajafika.

Ukuta wenyewe wa kuzuia udongo, kama ni wa chini ya mita moja, fundi hodari wa mawe anaujenga bila saruji. Msingi uingie katika udongo mgumu. Mawe makubwa yakae chini. Kila jiwe likalie mawili ya chini yake ili maungio yasipangane. Na ukuta uegemee mlima, kiasi cha sentimita 15 hadi 20 kwa kila mita ya kwenda juu. Nyuma yake zijazwe kokoto, si udongo, ili maji yapite baina ya mawe na kutoka. Akipenda saruji basi aache matundu ya bomba karibu na chini. Ukuta wa saruji usiokuwa na matundu ni bwawa, na bwawa lina siku yake. Ukizidi mita moja, au nyumba ikiwa juu yake, aitwe mhandisi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ukuta ulioanguka.

Kiasi na bei

Watu hununua kokoto kwa kukadiria, na wauzaji hawalalamiki. Hesabu ni hii. Uwanja wa mita 6 kwa 4, ukitandazwa kwa unene wa sentimita 5, unahitaji meta za ujazo 1.2. Hizo ni ndoo 60 za lita 20, na uzito wake ni karibu tani 1.8, kwa kuwa meta moja ya ujazo ya kokoto ina takriban tani moja na nusu. Unene wa sentimita 5 unatosha kwa miguu. Pa kusimamisha gari pawe na tabaka la moramu au mawe yaliyovunjwa na kushindiliwa, sentimita 10 hadi 15, kisha kokoto juu yake. Bila hivyo magurudumu yatazizamisha katika masika moja na utakuwa umelisha udongo.

Kokoto ikifika, ichote ndoo moja uioshe. Maji yakitoka mekundu mazito, umeuziwa udongo kwa bei ya jiwe. Kisha chukua mawe kadhaa uyagonge kwa nyundo: jiwe zima hulia, na jiwe lililooza hutoa mlio wa kufifia na kumeguka pembeni. Mwamba uliokaa karibu na uso wa ardhi mara nyingi umeoza kwa maji na mizizi, na machoni unafanana kabisa na mzima.

Lakini bei ina upande mwingine ambao familia zetu hazina budi kuutazama. Kokoto nyingi katika nchi hii hupondwa kwa mkono. Tunawaona kando ya barabara, akina mama na vijana, wameketi juu ya gunia, jiwe kubwa likiwa meza na nyundo mkononi, na rundo dogo likikua tangu asubuhi mpaka jioni. Vumbi la jiwe lenye kwatsi, likivutwa kwa miaka, huharibu mapafu, na maharibiko hayo hayaponi. Anayenunua kwao hatendi ubaya, bali anawapa riziki. Awalipe papo hapo, asipunguze bei kwa kuona tu kwamba wana shida, na akiweza awanunulie barakoa, na kuwashauri walowanishe jiwe kwa maji kabla ya kuliponda. Watoto wakiwa katika kazi ile ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeitaja kazi ya machimbo kuwa miongoni mwa kazi za hatari ambazo mtoto hapaswi kuajiriwa. Hatuwezi kumkalisha mwanetu katika njia iliyotandazwa kwa mikono ya mwana wa mwenzetu aliyekosa kwenda shule.

Na mawe ya mtoni? Hapa tutasema wazi, hata kama itawaudhi baadhi ya wasomaji wetu. Vijiwe laini vya mtoni ni vizuri, na mito yetu inavyo, lakini si vya bure. Kitanda cha mto kikivuliwa mawe, maji huchimba. Kingo huanguka, na anayepoteza shamba ni mtu wa bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli za kudumu zinazoliharibu. Mawe, kokoto na mchanga, chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, huhesabiwa kuwa madini ya ujenzi, na mchimbaji wake anahitaji leseni. Ndani ya msitu wa hifadhi wa Magamba hakuchukuliwi jiwe wala mmea. Kwa hiyo mnunuzi amuulize muuzaji jiwe limetoka wapi. Muuzaji mwenye machimbo yanayojulikana atajibu kabla swali halijaisha.

Mmea tunaousema ni kama lile ua dogo la zambarau linaloota katika nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwao, na leo limo katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani likiitwa Saintpaulia. Wengi wanaolimwagilia huko hawajui kwamba ni mwenyeji wa mawe ya huku kwetu. Kulichimbua msituni ni kuliua, kwani porini linazidi kuadimika. Anayelitaka alitafute kwa mwenye bustani aliyelizalisha kwa jani. Mpandie baina ya mawe mawili ya naisi upande usiopigwa na jua la mchana, penye mboji kidogo, na pasipotuamisha maji.

Nani atapita hapa

Ua haupambwi kwa ajili ya mgeni wa siku moja. Unapitiwa kila siku na bibi anayekwenda udhu kabla ya alfajiri, mtoto anayejifunza kusimama, na mama mwenye ndoo kichwani. Tumejifunza kuwauliza hao kwanza.

Bibi yetu alikataa kokoto. Mkongojo huzama, na mguu wake hauinuki tena vizuri. Tukamwekea mawe mapana bapa kutoka mlango wake hadi bombani, yaliyolazwa sawa na ardhi, hatua moja fupi kati ya jiwe na jiwe. Mawe hayo yasiwe ya kung'arishwa. Ukungu wa Lushoto huyafanya yateleze kama sabuni. Uso wa jiwe uliopasuliwa kwa nyundo hushika unyayo.

Pahala pa udhu na pa kuoshea vyombo, ambapo hapo zamani palikuwa tope na mbu, ndipo kokoto zilipotupa faida kubwa kuliko penginepo. Tulichimba shimo la kina cha futi mbili mbali na msingi wa nyumba, tukalijaza mawe makubwa chini na madogo juu, na maji ya udhu yanazama humo bila kuacha dimbwi. Pakikaa mwaka mmoja au miwili huziba kwa mchanga na majani; basi tabaka la juu linatolewa, linaoshwa na kurudishwa. Kazi ya asubuhi moja.

Watoto wenye umri wa chini ya miaka mitatu wasiachwe peke yao penye vijiwe vidogo, kwani kila kitu kwao hupitia mdomoni. Marundo ya mawe yaliyobaki yasiachwe nyuma ya nyumba, kwa sababu nyoka hulipenda joto la jiwe kama sisi tunavyolipenda katika mwezi wa saba. Na kokoto zina faida moja ambayo hatukuitarajia: zinasema. Mtu akiingia usiku, hata akivua viatu, ua unamtaja.

Ngazi zetu zimepita masika na vuli. Baada ya kila mvua kubwa tunapita na reki, tunarudisha kokoto chache zilizosogea, tunazibua mtaro wa majani ya miwati. Jiwe moja la mbele lilicheza mwezi wa nne, tukalichimbia upya. Vile vijiwe vyeupe, ndoo tatu zilizosalia, vilikaa gunia moja nyuma ya jiko mpaka jirani yetu wa chini alipoviomba. Amevipanga kuzunguka bomba lake, mahali tambarare, ndani ya kingo za matofali, na mpaka tunaandika haya havijasogea.